Simu haioni waifai? Usikimbilie kuiflashi

Mfanyabiashara, wateja wanasubiri majibu na simu haioni waifai hata moja? Tulia, fuata hatua hizi:

1. Washa hotspoti ya 2.4 GHz kwenye simu nyingine. Ikionekana, simu yako ni nzima, kaangalie ruta.
2. Ruta ikiwekwa 5 GHz peke yake, simu nyingi za bei nafuu haziioni. Mwambie mwenye ruta awashe 2.4 GHz.
3. Hotspoti nayo haionekani? Izime simu, iwashe tena.
4. Bado? Ingia Mipangilio, weka upya mipangilio ya mtandao. Picha na chati hazifutiki. Nywila za waifai ndo zinafutika, ziandike kwanza.

Imegoma kabisa? Nenda kwa fundi, ila hifadhi kwanza chati na namba za wateja. Kuflashi kunaweza kufuta zote.