Springi za Lori la Pamba

Lori linalotoka Mhunze, wilayani Kishapu, kufuata pamba vijijini huenda tupu na kurudi limejaa. Springi zake hazina budi kufaa hali zote mbili.

Springi hiyo ni majani ya feleji yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja katikati. Ugumu wake huongezeka sawasawa na idadi ya majani. Unene una nguvu zaidi. Jani la milimita 12 ni gumu mara 8 kuliko la milimita 6 lenye urefu na upana ule ule, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Aidha, yakipindwa pamoja kwa kiasi kimoja, jani nene hupata mkazo mkubwa zaidi, nalo ndilo huwahi kuvunjika. Basi fundi anayeziba pengo kwa jani lolote alilookota huharibu hesabu yote.

Kuongeza majani hufaa lori lililojaa. Likiwa tupu, juu ya mikwaruzo ya magurudumu iliyokauka katika udongo mweusi wa mbuga, gurudumu hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Afadhali springi ya ziada juu ya ile kuu, ambayo ncha zake hukutana na chasisi pale tu mzigo unapoishusha.