HESABU YA CHOKAA: PATO HALISI NA PATO LA KINADHARIA

Kuta za kale za Pujini na Ras Mkumbuu, kisiwani Pemba, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe ya aina hiyo hiyo tanurini. Kazi hiyo ina hesabu yake. Inafaa ieleweke kwa watumishi wanaopokea chokaa ya ujenzi na kwa wananchi wanaoinunua, kwani hesabu ikikosewa mchomaji huweza kudhaniwa mwizi ilhali hakuiba kitu.

Jiwe safi la chokaa, ambalo wataalamu huliita kalsiamu kaboneti, likipata moto wa nyuzi joto zipatazo 900 za Selsiasi hugawika: sehemu moja hubaki kuwa chokaa, nyengine hupaa kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa mujibu wa uzito wa atomi, kilo 100 za jiwe hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa. Hizo 44 hazirudi, hata mchomaji awe hodari namna gani.

Chukulia tanuri limetiwa kilo 500 za mawe safi na makavu. Pato la kinadharia ni 500 × 0.56, yaani kilo 280. Baada ya kuchambuliwa, zikapatikana kilo 238 za chokaa iliyoiva. Asilimia ya pato ni pato halisi kugawanywa kwa pato la kinadharia, kisha kuzidishwa kwa 100:

238 ÷ 280 × 100 = 85

Karani anayegawa kwa 500 atapata 47.6, naye ataandika kuwa zaidi ya nusu ya mali imepotea. Hilo ndilo kosa linaloharibu majina ya watu.

Kilo 42 zilizopungua zimo ndani ya kilo 75 za mawe ambayo hayakuiva. Yaweza kurudishwa tanurini, ingawa kuni zake zimekwisha teketea. Yakipimwa pamoja na chokaa, mizani itaonesha kilo 313, na hesabu itatoa karibu asilimia 112, jambo lisilowezekana.

Maji nayo huongeza uzito: kila kilo 56 za chokaa hushika kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za unga mkavu. Kwa hiyo chokaa ipimwe mara ipoapo, kabla ya kunyunyiziwa maji, na isiachwe wazi, maana hufyonza hata unyevu wa hewani.