Uvimbe wa taya na mitoki ya shingoni: Saratani ya watoto isiyosubiri

Safu yetu leo inazungumzia ugonjwa ambao familia nyingi huanza kuutibu kwa kung'oa jino, wengine kwa dawa za kifua kikuu, na wengine kwa kuchanja chale. Ni saratani ya mitoki kwa watoto na vijana, ambayo madaktari huiita limfoma. Wapo wanaoiita saratani ya tezi, lakini jina hilo huwapeleka watu kwenye tezi dume, ugonjwa wa wazee, kwa hiyo sisi tutabaki na mitoki.

Mtoki unaujua. Mtoto akichomwa na mwiba mguuni, kinenani hutokea kijivimbe kinachouma. Hizo ni tezi ndogo zilizotawanyika shingoni, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni, na ndani yake hukaa chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Limfoma huanza pale chembe hizo zinapozaliana ovyo bila kuwa na adui wa kupigana naye. Si ugonjwa wa kuambukiza, na watoto wengine ndani ya nyumba hawataupata kwa kula naye sahani moja.

Aina zake ni nyingi, lakini kwa watoto wetu wa Afrika Mashariki mbili ndizo za kuzifahamu zaidi.

Ya kwanza ni limfoma ya Burkitt, na hii historia yake ni ya kwetu hapa hapa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, akiwa kazini hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya kushoto na kulia, juu na chini. Muda si mrefu baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye taya kama zile. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilomita zipatazo 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita hospitali baada ya hospitali na picha mkononi, wakiuliza kama watoto wa namna ile wanaonekana hapo. Jibu likawa kwamba ugonjwa unapatikana sana kwenye joto na mvua, na ni nadra kwenye milima yenye baridi, yaani ulifuata mbu. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakiwa London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho, ambacho karibu watoto wetu wote hukipata kwa mate wakiwa wadogo na hakiwadhuru, kikikutana na malaria ya mara kwa mara, kwa watoto wachache huzaa saratani hii. Ndiyo maana mwambao wa Ziwa Victoria na nyanda za chini zenye malaria nyingi huwa na wagonjwa wengi zaidi. Chandarua unachomfungia mtoto kina faida kuliko ulivyodhani.

Burkitt huwapata hasa watoto wa kati ya miaka minne na minane, wavulana zaidi ya wasichana. Tuseme mwanao ana miaka sita. Kulegea kwa meno ya mbele katika umri huo ni jambo la kawaida. Lakini yakilegea magego, tena mawili matatu kwa pamoja, fizi ikavimba na shavu likajaa bila joto wala usaha, hilo si jino bovu. Kwa wengine jicho hutokeza nje, na kwa wengine tumbo ndilo hujaa upesi, mama akadhani ni minyoo au bandama. Wapo pia wanaoshindwa kutembea ghafla au kuzuia mkojo, kwa sababu uvimbe umebana uti wa mgongo. Wengi wao hawalii kwa maumivu, na hapo ndipo wazazi hudanganyika.

Shika neno moja hapa: huu ni katika uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wowote unaojulikana kwa binadamu. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Kusubiri baba arudi safari, au mwisho wa mwezi mshahara utoke, kwa ugonjwa huu ni kusubiri kurefu. Mama au mlezi aliyepo nyumbani aondoke na mtoto, na baba apigiwe simu njiani.

Ya pili ni limfoma ya Hodgkin, ambayo huonekana zaidi kwa watoto wakubwa na vijana. Hii haina haraka kama ile. Mtoki hutokea shingoni au juu ya mfupa wa bega, hauumi, ukiugusa ni mgumu kama mpira, nao hauondoki. Baadaye huja homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, na pengine kuwashwa mwili mzima. Mitoki ya kifuani huleta kikohozi na kubanwa pumzi hasa akilala chali. Utaona mwenyewe jinsi dalili hizi zinavyofanana na kifua kikuu, na wako vijana wanaomaliza miezi ya dawa za kifua kikuu bila mtoki kupungua.

Sasa usije ukaogopa kila mtoki. Watoto karibu wote huwa na vijitoki shingoni, kwa mapunye, vidonda vya kichwa, mafua au jino lililooza. Huo huuma, ni mdogo, na hupungua chanzo chake kikitibiwa. Wa kupelekwa kwa daktari ni ule uliozidi upana wa kidole gumba, usiouma, uliokaa wiki tatu nne au unaozidi kukua. Ulio juu tu ya mfupa wa bega, wenyewe usingoje wiki yoyote.

Hospitali, kipimo kinachomaliza ubishi ni kutoa kinyama kwenye uvimbe na kukitazama kwa darubini. Mtaani husemwa kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Si kweli, na maneno hayo yamewachelewesha wengi. Bila kinyama daktari anabahatisha. Ikiwa mwanao amepewa dawa za kifua kikuu kwa sababu ya mtoki na wiki zinapita bila nafuu, una haki ya kuuliza kwa adabu kama kinyama kilipimwa. Hali kadhalika usinunue predinisoloni dukani ili kushusha uvimbe. Dawa hiyo huunywesha kwa muda, kisha kipimo kikashindwa kuonyesha kitu.

Vipimo vingine hutafuta ugonjwa umefika wapi: picha ya kifua, utrasaundi ya tumbo, damu pamoja na kipimo cha Ukimwi, uboho wa ndani ya mfupa, na maji ya uti wa mgongo. Hiki cha mwisho wazazi wengi hukikataa wakiogopa mtoto atapooza. Sindano hupigwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakoma, kwa hiyo hofu hiyo haina msingi.

Tiba kuu ni dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa, na kwa Burkitt nyingine huchomwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili kuulinda ubongo. Upasuaji wa kuondoa uvimbe wote kwa kawaida hauhitajiki. Hodgkin wakati mwingine huongezewa mionzi. Usishangae mtoto akilazwa akawa anapewa dripu za maji na vidonge vya kukinga figo kabla ya dawa yenyewe. Chembe za Burkitt hufa kwa wingi mara tu dawa inapoingia, na taka zake huweza kuziba figo.

Kisha linakuja jaribio ambalo familia nyingi hushindwa. Baada ya dozi ya kwanza taya huweza kurudi sawa ndani ya wiki moja au mbili. Mtoto anacheza, anakula, nauli imekwisha, nyumbani kuna wengine. Wazazi wanasema alhamdulillah, wanaondoka. Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu kuliko mwanzo, mara nyingi ukiingia kwenye ubongo. Dozi zote zimalizwe. Tatizo likiwa ni fedha, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaondoka, usiondoke kimya. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wenye aina hizi mbili hupona. Kwetu idadi ni ndogo kuliko hiyo, na kuchelewa kuja na kuacha tiba njiani ni miongoni mwa sababu kubwa.

Nywele zitanyonyoka, nazo huota tena. La kutisha ni homa. Dawa hizi hushusha chembe za kinga, na joto likifika nyuzi 38 mtoto arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kumpa panado na kungoja asubuhi ni hatari. Nyumbani maji ya kunywa yachemshwe, chakula kiive na kiliwe kikiwa moto, na kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni. Mswaki wa mti uwekwe kando kwa muda, kwani fizi hutoka damu. Atumie mswaki laini na kusukutua maji ya chumvi.

Ruqya na dua mwombee, hakuna daktari atakayekuzuia. Ila hijama na kuchanja visifanywe kabisa katika kipindi hiki, kwa kuwa damu yake haigandi upesi na kidonda kidogo huingiza vijidudu. Jando nalo lisubiri ruhusa ya daktari. Asali, habasoda au mizizi, mweleze daktari kabla ya kumpa. Na kijana aliyebaleghe akiugua ndani ya Ramadhani, sheria imempa ruhusa ya kula na figo zake zinahitaji maji, basi asilazimishwe kufunga kwa kuona haya mbele ya wenzake.

Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Kadi ya kliniki isipotee, na tarehe zilizoandikwa humo zifuatwe hata kama mtoto ameshaanza tena madrasa na anakimbiza mpira uani.