Utando wa Seli: Jinsi Mafuta Yanavyoathiri Kazi za Protini

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza muundo wa utando wa seli;
(b) kufafanua njia tatu ambazo mafuta hubadili kazi ya protini;
(c) kujibu swali linalounganisha joto na usafirishaji wa madini ndani ya seli.

Soma kwanza kwa Kiswahili mpaka dhana ikukae. Ukishaielewa, kuiandika kwa Kiingereza mtihanini ni kazi ndogo.

1. Kumbuka kwanza

Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi. Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya asidi za mafuta inayokimbia maji. Vichwa hutazama nje na ndani ya seli, mikia hujificha katikati. Protini zimezama katika tabaka hizo: mifereji, vibebaji, pampu na vipokezi. Mwaka 1972 S. J. Singer na G. L. Nicolson walieleza kwamba utando si kitu kigumu. Fosfolipidi na protini nyingi husogea huku na huko ndani yake.

Watahiniwa wengi huchora mchoro na kuishia hapo: mafuta ni ukuta, protini ni mlango. Fikra hiyo haitoshi. Mlango hutegemea fremu. Fremu ikipinda, mlango hukwama hata kama kitasa ni kizima. Hilo ndilo jambo kuu la somo hili: protini ile ile hufanya kazi vizuri au vibaya kutegemea mafuta yanayoizunguka.

2. Njia tatu

(a) Ulaini wa utando. Angalia chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe: huganda, kwa sababu mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji. Tofauti iko kwenye mikia. Mikia mingi ya mafuta ya nazi imeshiba, imenyooka, hivyo hupangana kama kuni kwenye mzigo. Mikia mingi ya alizeti haijashiba, ina vipindo, hivyo haibanani. Mafuta ya chupani si fosfolipidi, lakini mikia ya fosfolipidi hufuata kanuni hiyo hiyo.

Sasa fikiria pampu. Ili ipitishe madini ni lazima ibadili umbo: ifunguke upande mmoja, ijifunge, kisha ifunguke upande wa pili. Utando ukiwa mgumu, pampu hubanwa na kasi hupungua. Ukilegea kupita kiasi, utando huvuja. Kwa sababu hiyo viumbe wengi waishio kwenye baridi huongeza mikia isiyoshiba katika tando zao.

(b) Unene wa utando. Sehemu ya protini inayokimbia maji inapaswa kulingana na unene wa eneo la mikia. Mikia ikiwa mifupi sana au mirefu sana, protini huinama au hujikunja ili ilingane, na kazi yake hupungua.

(c) Kushikana moja kwa moja. Baadhi ya protini huhitaji mafuta maalumu yaziguse. Mfano mzuri ni pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou mwaka 1957. Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Kwa kila molekuli moja ya ATP, pampu hii hutoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Ili ifanye kazi ipasavyo huhitaji kolesteroli na fosfolipidi zenye chaji hasi karibu yake.

3. Mfano kutoka baharini kwetu

Matumbawe huishi na mwani wadogo sana ndani ya seli zake. Mwani hufanya usanisinuru na kuyapa matumbawe sehemu kubwa ya chakula. Protini zinazonasa mwanga zimezama katika tando za ndani ya kloroplasti, zinazoitwa thailakoidi.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Pemba, yalipauka na mengi yakafa. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Dan Tchernov walionyesha kwamba aina za mwani zinazostahimili joto zina mafuta yaliyoshiba zaidi katika thailakoidi. Kwa aina dhaifu, joto huvuruga utando, nishati ya mwanga haitumiki ipasavyo, na kemikali kali za oksijeni hutengenezwa. Mwani hao hutolewa, matumbawe hubaki meupe na hukosa chakula.

Kwa hiyo swali la mikia ya mafuta linamgusa pia anayechokoa pweza maji yakitoka. Miamba ikifa, pweza na samaki hupoteza maficho.

Zingatia: kwenye baridi mikia isiyoshiba husaidia, kwenye joto kali mikia iliyoshiba husaidia. Hakuna mafuta yaliyo bora mahali pote.

4. Swali la mfano

Seli za mnyama zilihamishwa kutoka nyuzi joto 37 hadi 10. Eleza kwa nini usafirishaji amilifu wa sodiamu ulipungua. (Alama 5)

Jibu:
- Upumuaji wa seli hupungua, hivyo ATP hupungua. (1)
- Mikia ya fosfolipidi hupunguza mwendo na kukaribiana. (1)
- Utando huwa mgumu. (1)
- Pampu hushindwa kubadili umbo kwa urahisi. (1)
- Ayoni chache husafirishwa kwa muda ule ule. (1)

5. Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba baridi "imeharibu protini". Kwenye nyuzi joto 10 pampu imepunguza kasi tu. Seli zikipashwa joto mapema, kazi hurudi. Joto kali ndilo huvunja umbo la protini.
- Kutaja ATP pekee na kusahau utando. Utapoteza alama tatu za katikati.
- Kuandika kwamba kolesteroli ni sumu. Seli za wanyama huihitaji. Madhara huja ikizidi kwenye damu.

6. Jipime

(i) Taja tofauti mbili kati ya mikia iliyoshiba na isiyoshiba.
(ii) Samaki wa maji baridi anatarajiwa kuwa na mikia ya aina gani kwa wingi? Toa sababu.
(iii) Difyusheni ya oksijeni haihitaji protini. Je, ulaini wa utando unaweza kuiathiri? Eleza.

Dondoo ya (iii): oksijeni hupita katikati ya mikia yenyewe. Mikia ikibanana, njia inakuwaje?