JE, MAITI HURUDI AKASEMA NA WALIO HAI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Darasa yetu ya leo imetokana na swali la kijana mmoja wa hapa Langas, aliyelileta baada ya sala ya Magharibi. Baba yake, fundi wa cherehani, alifariki akaacha wake wawili, watoto saba, na kiwanja chenye vyumba sita vya kupangisha. Hata mwezi haujatimia, jamaa wa upande wa mke mkubwa walimleta mwanamke ambaye husemwa kuwa wafu humpanda kichwani. Ubani ukafukizwa, taa ikazimwa, mwanamke akajifunika shuka, kisha akasema kwa sauti nzito kuwa yeye ndiye baba yao. Akawataja watoto wote saba kwa majina. Akasema kuwa aliyemwua ni mke mdogo kwa uchawi, na kuwa vyumba vyote ni vya watoto wa mke mkubwa. Mwisho akataka mbuzi mweusi na shilingi 15,000 ili apate kupumzika. Usiku ule ule vyombo vya mke mdogo vikatolewa nje, naye ana watoto watatu, na wa mwisho hajatimiza miaka miwili.

Kijana aliyekuja kuuliza ni mtoto wa mke mkubwa, yaani ni katika wale wanaofaidika na maneno hayo. Alisema: "Sheikh, ikiwa ni baba kweli, nikikataa nitakuwa nimemwasi. Na ikiwa si baba, basi nakula mali ya mayatima. Nifanye nini?"

Ndugu zangu, swali hili si dogo. Langas ni mahali pa watu wa kila kabila, na kila mmoja amekuja na khabari za wazee wake. Watu wa pwani wana mizimu na koma, Wanandi wana oiik, na wengine wana majina yao. Sisi hatuwacheki wenzetu kwa kuwapenda wazee wao waliotangulia. Lakini Mwislamu ana kipimo, na kipimo chake ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Suna ya Mtume wake.

KWANZA: ROHO YA MAITI IKO WAPI?

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya 23, Aya ya 99 na 100, kuwa mtu yanapomjia mauti huomba arudishwe duniani apate kutenda mema aliyoyaacha, naye hakubaliwi. Mbele yao iko barzakhi, yaani kizuizi, mpaka siku watakapofufuliwa. Tazama maana yake: huyu anaomba kurudi kwa jambo la kheri, naye anakataliwa. Basi itakuwaje aruhusiwe kurudi kwa moshi wa ubani, kuja kudai mbuzi?

Tena katika Sura ya 35, Aya ya 22, Mtume mwenyewe anaambiwa kuwa yeye si wa kuwasikilizisha waliomo makaburini. Ikiwa jambo hili halikuwa mkononi mwa Mtume, basi haliwi mkononi mwa mganga.

PILI: BASI ANAYESEMA NI NANI?

Jawabu ni kuwa anayesema hatoki katika mojawapo ya hali tatu.

Hali ya kwanza ni udanganyifu ulio dhahiri. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, dola ya New York, Marekani, wasichana wawili, Margaret na Kate Fox, walidai kuwa roho ya mtu aliyekufa huwajibu kwa kugonga. Kutokana na nyumba hiyo moja ilienea Marekani na Ulaya ile itikadi ya kuita roho, wakaifuata hata watu wenye elimu kubwa. Mwaka 1888 Margaret alisimama mbele ya watu mjini New York akaonyesha kuwa mgongo ule ulikuwa ni mlio wa viungo vya vidole vya miguu yake. Mwaka uliofuata alirudi akayakana maneno yake, lakini watu walikwisha kuusikia mlio na kuuona mguu unaoutoa.

Huenda mtu akasema: "Mbona huyu wetu aliyajua majina ya watoto?" Nilimwuliza kijana: "Msiba wa baba yako ulitangazwaje?" Akanionyesha tangazo lililosambazwa katika simu. Majina ya watoto wote saba yamo, na ya wake wote wawili. Isitoshe, hapa kwetu vyumba vimebanana, ukuta mmoja watu wawili. Jirani akikohoa unajua. Kuyajua majina si ilimu ya ghaibu.

Hali ya pili ni mtu kujidanganya nafsi yake. Si kila anayepandwa kichwani ni mwongo wa makusudi. Mwaka 1853 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Faraday, aliwapima watu waliokaa kuizunguka meza wakidai kuwa roho ndizo zinazoizungusha. Akaona kuwa mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiisukuma, nao hawana khabari. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya wenye kupandwa: moyo umejaa huzuni, ngoma na ubani, na ulimi hutoa yaliyo moyoni au yale ambayo waliokaa hapo wanataka kuyasikia.

Hali ya tatu ni jini au shetani kusema kwa ulimi wa mtu akajifanya ni maiti. Maulamaa wengi wameitaja, na Ibnu Taymiya, aliyefariki mwaka 1328, alionya kuwa mashetani huja kwa sura za wafu ili wawapoteze watu. Walakini hata tukikadiria kuwa ni jini, hana ilimu ya kutegemewa. Soma Sura ya 34, Aya ya 14: Nabii Sulaiman alikufa hali ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi nzito wakidhani kuwa yu hai, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo akaanguka. Hawakumjua maiti aliye mbele ya macho yao! Basi watatupa vipi khabari za maiti aliye barzakhi?

TATU: SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Insafu inatutaka tuzitaje hoja za upande wa pili. Hata baadhi ya Maulamaa wa zama hizi waliona kuwa mambo haya ya kuita roho yana ukweli. Sheikh Tantawi Jawhari wa Misri, mwenye tafsiri maarufu ya Kurani, aliyefariki mwaka 1940, aliandika kitabu kizima juu ya roho akiyaunga mkono, kwa kudhani kuwa yatawarudisha katika imani wale wanaokana akhera. Nia yake ilikuwa njema, lakini imani ya akhera imesimama juu ya wahyi, haihitaji kuegemea meza inayozunguka.

Husema: "Mtume aliwaita wafu wa Badri waliotupwa kisimani akasema nao." Ni kweli, hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Lakini Sayyidna Umar alipostaajabu, Mtume (S.A.W.) alimjibu kuwa wale wanasikia, ila hawawezi kujibu. Na Bibi Aisha aliifahamu khabari hii kwa namna nyingine, kwa kuishika ile Aya ya makaburini. Basi waliothibitisha kusikia na waliokanusha wote hawakusema kuwa maiti alijibu. Vivyo hivyo sisi tunapozuru makaburi huwatolea salamu waliomo na kuwaombea dua, kisha tukarudi majumbani. Hatukai kungoja jawabu.

Husema pia: "Thabit bin Qais aliusia baada ya kufa kwake, na Abubakar akautimiza wasia wake." Hii ndiyo hoja yao kubwa, nayo yafaa izingatiwe. Thabit aliuawa katika vita vya Yamama. Mtu mmoja akamwota usiku, akimwambia kuwa deraya yake imechukuliwa na fulani, imefichwa chini ya chungu mwisho wa kambi. Khalid bin Walid apeleke mtu kuitwaa, na Abubakar aambiwe juu ya deni lake na mtumwa anayemwacha huru. Ikatafutwa, ikapatikana pale pale. Sasa pima. Thabit hakuitwa na mtu, wala hapakuwa na ubani wala ada. Ilikuwa ndoto, nayo haikufuatwa mpaka ilipohakikishwa kwa macho. Na aliyoyataka yalihusu mali yake mwenyewe na deni lililo juu ya shingo yake. Hakumtuhumu mtu kwa uchawi, wala hakumpokonya mrithi haki yake. Maulamaa wametaja kuwa hawamjui mwengine ambaye wasia wake wa baada ya kufa ulitekelezwa. Jambo lililotokea mara moja kwa Sahaba halifanywi kuwa duka la kila wiki.

NNE: HATA ANGEKUWA NI YEYE

Na hapa ndipo penye kiini cha darasa yetu. Tufanye, kwa kukadiria tu, kuwa yule aliyesema gizani ni marehemu khasa. Je, maneno yake yangefuatwa? La!

Mrithi hausiwi, ila warithi wenzake wakiridhia; ndivyo ilivyokuja katika hadithi ya Mtume (S.A.W.). Lau fundi yule angeyasema maneno haya akiwa hai kitandani, mbele ya mashahidi, kuwa vyumba vyote ni vya watoto wa mke mmoja, wasia wake ungekataliwa. Basi vipi alichokuwa hana mamlaka nacho akiwa hai akipate akiwa kaburini? Mafungu yamekatwa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya 4, Aya ya 11 na 12. Kwa kuwa ameacha watoto, wake zake wawili watashirikiana thumuni, na kilichobaki ni cha watoto wote saba, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke, bila ya kutazama ni wa mama gani. Na Aya ya 10 ya Sura hiyo hiyo imewaonya wenye kula mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa wanakula moto matumboni mwao.

Ama tuhuma ya uchawi, hiyo ni hatari kubwa zaidi. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto hata wakafa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Maneno ya gizani huanza kwa kunong'onwa yakaishia kwa kiberiti. Sharia yetu haipokei dai la damu bila ya ushahidi, na ulimi uliofunikwa shuka si shahidi.

TANO: WANAYOTUDAI WAFU WETU

Nilimwambia kijana: "Humwasi baba yako kwa kumkataa yule mwanamke. Ukitaka kumtii baba yako, kamtafutie deni lake." Kwani imepokewa kuwa roho ya Mwislamu imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe, na Mtume (S.A.W.) aliwahi kukataa kumsalia maiti aliyekuwa na deni la dinari mbili, mpaka Abu Qatada alipolichukua juu yake.

Akaenda. Mke mdogo ndiye aliyejua mahali, akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa daftari. Humo, kwa mkono wa marehemu, yameandikwa madeni ya vitambaa alivyokopa dukani, jumla shilingi 8,400. Ndugu zangu, zingatieni! Ile sauti ilikumbuka majina saba, ikakumbuka vyumba sita, ikakumbuka na rangi ya mbuzi. Na jambo la pekee linalomfunga maiti kaburini haikulijua.

Deni limelipwa. Mke mdogo amerudishwa chumbani kwake pamoja na wanawe. Mirathi itapelekwa kwa Kadhi, ambaye Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa kuhukumu mambo hayo baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Wako katika jamaa wasiomsemesha kijana mpaka leo, kwa kuwa bado wanaiamini ile sauti. Tumwombee subira, nao tuwaombee uongofu.

Anayetaka kumfaa maiti wake, njia ziko wazi: amlipie deni, atimize wasia wake uliokubaliwa na Sharia, agawe mirathi kwa haki, amwombee dua, amtolee sadaka, na aunge udugu aliokuwa akiuunga. Hayo yote hufanywa na taa ikiwa imewashwa.

MASWALI YA DARASA IJAYO

1. Kuna tofauti gani baina ya ndoto ya Thabit na kuita roho?
2. Kwa nini wasia kwa mrithi haufuatwi bila ya ridhaa ya wenzake?
3. Katika nyumba yako, madeni yako yameandikwa wapi, na nani anajua mahali?

Wabillahi tawfiki.