Korongo, Mvuvi wa Kando ya Mto

Kando ya mito na mabwawa ya Kongo, watu wengi wamekwisha kumwona korongo akisimama majini peke yake, kimya kama kisiki. Apitaye upesi hudhani ndege huyo amelala. Lakini akaaye kitako na kumtazama ataona ya kuwa yumo kazini.

Namna ya kuvua. Korongo huingia majini polepole, akiinua mguu mmoja mmoja bila kuyatikisa maji. Kisha husimama, shingo yake ndefu imekunjwa kama mtego uliotegwa. Samaki akikaribia, shingo hufyatuka ghafula, na mdomo wenye ncha humnasa. Korongo humgeuza, akammeza kichwa kwanza, ili miiba ya mapezi ilale isimchome koo.

Tena ana maarifa. Ukitumbukiza fimbo majini, huonekana kama imevunjika. Vivyo hivyo samaki huonekana juu kidogo kuliko mahali alipo. Mvuvi wa mkuki hulijua jambo hilo, akalenga chini. Na korongo hufanya vivyo hivyo.

Aina zake. Korongo mkubwa kuliko wote duniani hupatikana Kongo; kichwa na shingo yake vina rangi ya udongo mwekundu, na kimo chake hufika mita 1.5. Mwingine, mdogo na mweusi, hufunua mabawa kama mwavuli juu ya maji, akawatazama samaki kivulini. Mwingine tena, mwenye kichwa cheusi, hupenda nchi kavu. Hula panya na panzi, na kwa hiyo humsaidia mkulima.

Korongo na bwawa la samaki. Mtu aliyechimba bwawa kwa jasho lake, akiona samaki wamepungua, hukasirika. Humwinda korongo, au hutega sumu. Sumu ni hatari kubwa: huua samaki na wanyama wengine, hata watu waweza kudhurika. Tena mwizi huenda ni fisimaji ajaye usiku, au ukingo una tundu ambamo samaki hutoroka.

Basi mwenye bwawa atazame kwanza, alfajiri na jioni. Korongo husimama penye maji machache, yasiyopita urefu wa miguu yake. Mahali pale pale ndipo pa kuchimbwa. Maji yakiwa marefu hata kandokando, ndege hana pa kusimama. Matawi yakitiwa majini, samaki wadogo hupata pa kujificha. Hivyo korongo, asiyejua kusema, humwonyesha mwenye bwawa kasoro ya kazi yake.

Maswali
1. Kwa nini korongo humeza samaki kichwa kwanza?
2. Kwa nini hulenga chini ya mahali samaki anapoonekana?
3. Korongo yupi humsaidia mkulima, na kwa namna gani?
4. Mwenye bwawa afanye nini kabla ya kumlaumu korongo?