"Conservata" si "Restaurata": Tangazo la Gari la Kale la Kiitaliano kama Matini ya Isimu

Makala haya yanachunguza maneno machache ambayo Waitaliano huyatumia wanapouziana magari ya kale. Si maneno mengi, wala si magumu kutamka. Lakini kila moja limebeba uzito wa fedha na wa sheria, na anayelichukua moja badala ya jingine huenda akanunua kitu ambacho hakukikusudia. Niliyachagua kwa ajili ya zoezi la istilahi kwa sababu iliyo wazi: darasani tumezoea kutafsiri istilahi za tiba, sheria na uchaguzi, ambako wengi wametutangulia na kamusi zipo. Katika fani hii sikuona njia iliyokwisha kukanyagwa. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kutumia kitenzi kimoja, kukarabati, mahali ambapo Kiitaliano kinatofautisha kazi tatu au nne, na kwamba tofauti hizo tunazihitaji hata sisi tusio na magari.

Kwanza sarufi kidogo. Msomaji ataona kwamba sifa nyingi za gari katika matangazo hayo zinaishia na -a: "conservata", "restaurata", "radiata". Ni upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa "automobile" ni nomino ya jinsi ya kike. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ya kwanza ya magari Waitaliano walisitasita kati ya jinsi ya kiume na ya kike, na mwaka 1920 mshairi Gabriele D'Annunzio alimwandikia Giovanni Agnelli, mkuu wa kiwanda cha Fiat, kumweleza kwamba kwa maoni yake gari ni la kike. Matumizi yakaenda upande huo. Ndiyo maana Fiat ndogo ya mwaka 1936, iliyopewa jina la utani "Topolino", yaani kipanya, huitwa "la Topolino" ingawa "topolino" lenyewe ni neno la jinsi ya kiume. Jina la gari linafuata jinsi ya nomino kuu isiyotajwa. Sisi nasi tuna jambo la aina hiyo: anayesema "gari langu" na anayesema "motokari yangu", kama tusemavyo hapa Lubumbashi, wanaelekeza kidole kwenye kitu kilekile lakini upatanisho unafuata neno.

Sasa tuangalie matini. Hili hapa tangazo nililolitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wao, ili nisimtaje muuzaji yeyote: "Fiat 500 F, 1967, conservata, targa nera, unico proprietario, marciante, documenti in regola." Hakuna kitenzi kilichonyambuliwa kwa nafsi hata kimoja, wala kiunganishi. Ni mlolongo wa vibainishi, na kila kibainishi ni ahadi.

Gari lenyewe linajulikana. Fiat 500 mpya ilitoka mwaka 1957, kazi ya mhandisi Dante Giacosa, ikiwa na injini ya silinda mbili iliyowekwa nyuma na kupozwa kwa hewa. Ukubwa wake ulikuwa sentimita za ujazo 479 tu. Iliendelea kutengenezwa hadi 1975. Herufi F si pambo: aina ya F ilianza 1965, na milango yake imefungwa bawaba upande wa mbele, ilhali ya magari ya kabla yake ilifungukia upande mwingine. Mtu anayeuza "F" ya mwaka 1963 amekosea herufi, au amekosea mwaka, au ameunganisha magari mawili. Herufi moja, na mnunuzi makini anainuka kitini.

"Targa nera" ni kibao cheusi cha namba chenye maandishi meupe, mtindo uliotumika Italia hadi 1985. Kibao hicho kinaonyesha mkoa ambako gari liliandikishwa, kwa hiyo gari lililobaki nacho linabeba anwani yake ya kuzaliwa. "Unico proprietario", mwenye mmoja tu tangu mwanzo, ni dai linaloweza kuthibitishwa: Italia ina daftari la umma la magari, PRA, tangu 1927, na mnunuzi anaweza kuomba dondoo linaloorodhesha wenye gari mmoja baada ya mwingine. Ningemshauri mtu alipie karatasi hiyo kabla ya kulipia fundi wa kukagua injini. Injini iliyokufa inaweza kufufuliwa; hati iliyokufa ina tabu zaidi.

Hapo ndipo lilipo neno la hatari kuliko yote, "radiata". Kwa tafsiri ya haraka ni "lililofutwa", na mwanafunzi ataridhika. Lakini limefutwa kwa nini? Gari "radiata d'ufficio" lilifutwa na ofisi yenyewe, mara nyingi kwa kuwa mwenyewe hakulipa kodi miaka mfululizo, na iko njia ya kulirudisha daftarini. Gari lililofutwa kwa sababu lilitangazwa kwamba limebomolewa liko katika hali tofauti kabisa, hata kama limesimama mbele yako liking'aa. Napendekeza tusiseme "lililofutwa" peke yake, bali "lililofutwa na ofisi" na "lililofutwa kwa kubomolewa", ingawa ni marefu.

Sheria inatenganisha pia maneno ambayo mtaani yamechanganyika. Katika mazungumzo Mwitaliano huita gari lolote la zamani "auto d'epoca". Kanuni za barabarani, kifungu cha 60, zinasema vingine: "veicolo d'epoca" ni gari lililoondolewa PRA ili lihifadhiwe kwenye makumbusho au mahali kama hapo, na haliruhusiwi barabarani ila kwa kibali katika maonyesho. Linaloweza kutembea siku zote ni "veicolo di interesse storico e collezionistico", lenye umri wa miaka 20 au zaidi, lililoandikishwa katika mojawapo ya madaftari yaliyotajwa na sheria: la chama cha ASI, kilichoanzishwa 1966, au la Lancia, la Fiat, la Alfa Romeo, na la shirikisho la pikipiki. Hivyo neno linalotumiwa zaidi na watu ndilo lisilofaa katika mkataba. Nikitaka kujiburudisha nalinganisha na Kifaransa cha Ubelgiji, ambako gari la kale huitwa "ancêtre", yaani mhenga. Sijui kama aliyelibuni aliwahi kufikiri namna sisi tunavyowatendea wahenga wetu: hatuwapaki rangi mpya.

Nifike sasa kwenye kiini. "Conservata" ni gari ambalo halijafanyiwa kazi kubwa: rangi ni ileile ya kiwandani, imefifia, kiti kina mpasuko ulioshonwa, chuma kimekwaruzwa. "Restaurata" ni gari lililovuliwa, likaondolewa kutu, likachomelewa, likapakwa rangi, likarudishiwa vipuri. Kati yao kuna "restauro conservativo", kazi inayogusa pale tu panapooza na kuacha pengine palipo. Na kuna "rifatta", lililofanywa upya, ambalo mara nyingi ni adabu tu ya kusema kwamba cha kale kilichobaki ni kidogo. Kwa muda mrefu wanunuzi walilipenda lile linalong'aa. Siku hizi wapenzi wengi wa magari haya wanalitafuta lililotunzwa, kwa sababu kurejesha unaweza kurejesha mara nyingi, lakini rangi ya kwanza ikishakwanguliwa haipatikani tena kokote.

Fikra hii haikutoka gereji. Roma ilianzishiwa taasisi kuu ya urejeshaji mwaka 1939, na mkurugenzi wake wa kwanza, Cesare Brandi, alichapisha nadharia yake mwaka 1963. Kwa ufupi, Brandi anataka mrejeshaji asijifanye muumbaji. Akijaza pengo katika mchoro, kijazo kionekane kuwa ni kijazo mtu anaposogea karibu, na kisimkere anayetazama kwa mbali. Wala asifute alama za muda uliopita juu ya kitu. Kwa michoro walibuni mbinu ya kujaza pengo kwa vistari vyembamba vya wima. Kwa magari, shirikisho la kimataifa FIVA lilipitisha Mkataba wa Torino mwaka 2012, unaotenganisha kutunza, kurejesha na kutengeneza, na unaoshauri kipuri kilichoundwa upya kitiwe alama ya kudumu yenye tarehe. Vistari vya Brandi vimekuwa tarehe iliyogongwa kwenye chuma.

Msomaji wa kitivo hiki atakuwa ameshatambua jambo. Tunaporekodi hadithi ya mzee, tukaiandika, kisha "tukaisafisha" kwa Kiswahili sanifu, tukiondoa "iko" na "banasema", tukinyoosha upatanisho, tumefanya kazi gani? Nimeona tasnifu ambazo matini yake imepakwa rangi mpya toka bampa hadi bampa, na mwandishi anaiita bado "hadithi ya jadi". Sisemi kazi hiyo haina haki ya kuwepo. Kitabu cha watoto kinahitaji matini iliyorejeshwa. Nasema iitwe jina lake, na kijazo kitiwe tarehe.

Kwa mwenye nia ya kununua kweli, jambo moja la kiufundi linatosha hapa. Kwa Fiat 500, chunguza sakafu, vizingiti vya milango na sehemu ya mbele inapokaa betri, maana maji na tindikali hukutana huko. Rangi mpya iliyowekwa juu ya kutu hudumu kiasi cha kukamilisha mauzo. Na jifunze "doppietta": gia zake hazina vifaa vya kulinganisha mwendo, kwa hiyo unaporudi gia ya chini unakanyaga klachi, unapita kati, unaachia, unagusa mafuta, kisha unakanyaga tena. Neno hilohilo Waitaliano hulitumia kwa bunduki yenye mitutu miwili. Tafsiri yangu ni "klachi mara mbili", haina uzuri lakini dereva ataielewa.

Kuhusu mapendekezo mengine, nilimsikiliza fundi mzee wa mtaani kwetu kabla ya kufungua kamusi. Yeye hutumia "kutengeneza" kwa motokari iliyougua na "kufufua" kwa iliyokufa, na "marciante" alinipa bila kufikiri: "Iko inatembea." Kwa "conservata" nachagua "lililotunzwa", kwa "restaurata" "lililorejeshwa", kwa "restauro conservativo" "urejeshaji wa kutunza", kwa "rifatta" "lililofanywa upya". "Kukarabati" nakiacha kwa majengo na barabara, ambako hakuna anayeuliza rangi ya kwanza.

Limebaki neno "patina", ule utando wa umri juu ya chuma, ngozi na mbao ambao ndio hasa mnunuzi wa gari lililotunzwa anaulipia. "Kutu" halifai, kwa kuwa kutu ni ugonjwa. "Uchakavu" ni tusi. "Mng'ao wa kale" linasikika kama tangazo la dawa ya viatu. Yule fundi alipitisha kiganja juu ya mlango wa lori lililofifia na kusema, "Hii ni uzee yake." Nimeandika "uzee" katika kadi yangu, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, na kadi iko mezani pa semina ya istilahi kwa yeyote mwenye neno bora.